Kibao Chekundu cha Babu Gerrit

Kila asubuhi, kabla kengele ya chakula haijagongwa, Tressa alikuwa ameshaamka zamani. Alijikunyata kitandani ndani ya gari la babu yake, akisikiliza barafu ya ziwani ikilia. Majira ya baridi yalikuwa yanaisha na barafu ilikuwa ikipasuka, ikitoa mlio kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu usiyemwona.

Bibi Wilma, akichemsha kahawa kwenye jiko dogo, alimwambia neno lile lile kila siku.

"Usiikanyage hiyo barafu, mjukuu wangu. Leo inakuchekea, kesho inakumeza."

Bibi na babu yake walikuwa wamestaafu. Waliuza nyumba yao wakanunua gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo. Pamoja na wenzao wa kanisa walizunguka kutoka kambi moja ya watoto hadi nyingine, wakitengeneza vilivyoharibika kabla watoto hawajaja kwa majira ya joto. Hawakulipwa chochote. Walipewa mahali pa kuegesha na supu ya maharage, wakashukuru. Tressa, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alikuja nao kwa likizo. Mama yake alimruhusu kwa shingo upande, maana mama ni mama, na ziwa ni ziwa.

Nje ya ukumbi wa chakula, kwenye ukuta wa nyuma, palitundikwa ubao mkubwa wenye misumari. Wakati wa joto ubao huo ulikuwa wa waogeleaji. Kila mtoto alikuwa na kibao cha mviringo chenye jina lake, upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu. Ukiingia majini, unageuza chekundu. Ukitoka, unageuza cheupe. Mlinzi akiona kibao chekundu na maji yametulia, anajua kuna mtu wa kutafutwa.

Wajitoleaji nao waliutumia ubao huo huo. Aliyeingia uvunguni mwa jengo, ile nafasi finyu chini ya sakafu, au aliyeshika nyaya za umeme, aligeuza kibao chake chekundu, na mtu mmoja alikaa mlangoni kumlinda.

Asubuhi hiyo, baada ya uji na sala, Bwana Dekker, kiongozi wa kikosi, aligawa kazi.

"Ndugu Gerrit, panya wametafuna nyaya zote chini ya ukumbi huu. Umeme nimeshauzima kule kwenye swichi kuu. Hauwashwi mpaka kibao chako kiwe cheupe. Mlinzi wako nani?"

"Mimi!" Tressa akasema.

Bibi Wilma alimtazama. "Wewe? Jana ulipiga mayowe kwa sababu ya buibui."

"Siingii ndani, Bibi. Nakaa mlangoni tu."

Watu wakacheka. Bwana Dekker hakucheka.

"Kukaa mlangoni ndiyo kazi yenyewe, binti. Mlinzi haondoki, hata akibanwa na haja, mpaka amwachie mtu. Na kibao cha mtu kinageuzwa na mwenyewe, au na mlinzi aliyemwona kwa macho yake akitoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bwana Dekker."

Mlango wa uvungu ulikuwa mdogo, chini kabisa ya ukuta huo wa nyuma, karibu na ubao. Ulipofunguliwa, ilitoka harufu ya udongo mbichi na panya waliokufa, na Tressa akasikia nywele zikimsimama. Babu Gerrit aligeuza kibao chake chekundu, akavaa ovaroli, akavuta kofia, kisha akatoa masikioni vifaa vyake viwili vya kumsaidia kusikia. Akavitia ndani ya kijisanduku, akampa mjukuu wake.

"Vumbi la humu litaviua. Nitunzie. Nikitoka, kitu cha kwanza nitakachokuomba ni masikio yangu. Bila haya, hata radi siisikii."

"Sasa nikikuhitaji, Babu?" Tressa alipaza sauti.

"Eeh?"

"Nikikuhitaji!"

"Mulika tochi yako. Kupiga kelele ni kujichosha bure."

Akalala kifudifudi, akajivuta kwa viwiko, giza likamla kichwa, likamla mgongo, likamla na viatu. Mwanga wa tochi yake ulikwenda ukipungua hadi ukapita nyuma ya msingi wa mawe, katikati ya jengo. Tressa akabaki na shimo jeusi mbele yake na kijisanduku mfukoni.

Alikaa. Baridi ikampanda kutoka kwenye jiwe alilokalia. Mara akaona kitu kikitembea gizani, mara akaona hakuna kitu. Alitamani babu yake akohoe tu, ajue yuko hai.

Ndipo akatokea Emmett, mjukuu wa Bwana Dekker, akiendesha kigari cha umeme cha kubebea zana. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na alipenda watu wajue hivyo.

"Unachunga shimo? Lina miguu, litakimbia?"

"Namchunga babu."

"Babu mzima na mvi zake, wewe ndiye yaya wake?" Akacheka. "Haya, kaa na shimo lako. Mimi naenda gatini, pale ziwani. Kuna fisimaji watatu wanateleza juu ya barafu kwa matumbo, kama watoto. Mama mtu anawasukuma!"

"Muongo."

"Njoo uone. Dakika moja tu."

Watoto wangu, hakuna dakika ndefu kama hiyo ya "moja tu." Tressa alitazama shimo. Lilikuwa kimya. Alijiambia, babu bado ana kazi nyingi, nitarudi kabla hajajua. Akapanda kigari.

Fisimaji walikuwepo kweli. Waliteleza, wakazama, wakaibuka na samaki midomoni. Tressa alicheka mpaka akasahau baridi, akasahau shimo, akasahau hata kwamba alikuwa na babu. Alipokumbuka, alimwacha Emmett huko akarudi mbio peke yake, viatu vimejaa tope la ziwani, akamkuta Bwana Dekker amesimama mbele ya ubao.

"Tressa. Jikoni wanataka umeme, mikate ya mahindi haijaingia ovenini. Babu yako ametoka?"

Tressa alichungulia uvunguni. Giza tupu. Hapakuwa na mwanga wala mkwaruzo. Moyo ukamwambia: kama tochi haionekani, basi ametoka, amekwenda kunywa kahawa. Na hofu ikamwambia: ukisema hujui, itajulikana uliondoka.

"Ametoka," akasema.

"Umemwona kwa macho yako?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa wazi. 

"Ndiyo, nimemwona. Amesahau tu kugeuza kibao."

Akanyoosha mkono, akakigeuza mwenyewe. Kikawa cheupe kama vingine vyote.

"Vema," alisema Bwana Dekker, akaanza kupanda kilima kwenda kwenye banda la swichi.

Tressa alivuta pumzi. Hakuna aliyejua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, akavitia mfukoni avipashe moto.

Akagusa kijisanduku.

Mwanzoni hakukumbuka ni nini. Kisha akaisikia sauti ya babu yake kama anasemea sikioni pake: kitu cha kwanza nitakachokuomba ni masikio yangu. Babu hakuwa ameomba kitu. Babu hakuwa amekwenda kunywa kahawa. Babu alikuwa chini ya sakafu ile, nyuma ya mawe, na nyaya mikononi.

"Babu!" Alijitupa chini, akaingiza kichwa kwenye shimo. "Babu! Toka! Babuuu!"

Sauti yake ilikwenda ikarudi. Alimulika tochi, akaitikisa kama mwendawazimu, lakini mwanga uligonga mawe ukaishia hapo. Na kule nyuma ya mawe, kwa kuwa sasa alitazama kwa dhati, akaona weupe hafifu sana ukichezacheza. Mtu alikuwa anafanya kazi, ametulia, anaamini kuna mtoto anamlinda mlangoni.

Tressa alikimbia. Bwana Dekker alishafika nusu ya kilima. Karibu na njia, wajitoleaji wengine walikuwa wakipasua mbao kwa msumeno wa injini, na mngurumo wake ulimeza kila alichokisema. "Bwana Dekker! Usiwashe!" Hakuna aliyegeuka. Tope lilimvuta viatu, kimoja kikabaki nyuma. Alianguka kwa magoti, akainuka. Bwana Dekker alikuwa amefika bandani, anafungua mlango.

Emmett alikuwa akija na kigari kutoka ziwani. Alipouona uso wa Tressa, alikanyaga breki.

"Kuna nini?"

"Babu bado yuko chini! Babu yako anawasha umeme! Piga honi!"

Emmett hakuuliza tena. Aligeuza kigari, Tressa akarukia nyuma, wakaupita msumeno, wakapanda kilima honi ikilia mfululizo. Kigari kile kilikuwa na mwendo wa kobe. Tressa aliukodolea macho mlango wa banda, akaona mkono wa Bwana Dekker ukiinuka na kushika mpini wa swichi kuu.

"Nimedanganya!" alipiga kelele mpaka koo likauma. "Sikumwona! Nimedanganya! Babu yuko chini!"

Mkono ulisimama.

Bwana Dekker aligeuka. Alimtazama Tressa, akautazama mkono wake kama si wake, kisha akauachia mpini polepole, kidole baada ya kidole. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alikaa tu, mkono ule ameubana kwapani, kana kwamba unaweza kuinuka tena.

"Twende tukamtoe," alisema mwishowe.

Aliingia uvunguni mwenyewe. Baada ya muda zilitoka buti, kisha ovaroli, kisha Babu Gerrit mzima, utando wa buibui kichwani, amekasirika.

"Mbona unanivuta mguu kama kuku wa kuchinjwa, Dekker? Nimebakiza waya mmoja!"

Akaona watu wamemzunguka. Akamwona Bibi Wilma amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka. Akamgeukia Tressa, akakinga kiganja, kama alivyosema.

"Masikio yangu."

Tressa alimpa. Alimtazama akivipachika, kimoja, cha pili, akajua kwamba lazima aseme upya, kwa sababu babu peke yake alikuwa hajasikia. Kusema mara ya kwanza alisukumwa na hofu. Mara hii hapakuwa na wa kumsukuma.

"Babu, niliondoka mlangoni. Nilikwenda kutazama fisimaji. Bwana Dekker aliponiuliza nikasema nimekuona umetoka. Nikageuza kibao chako. Alikuwa ameshashika swichi."

Babu Gerrit alivua kofia. Alitazama mikono yake, vidole vyeusi kwa vumbi la nyaya. Rangi ikamtoka usoni taratibu.

"Mimi ndiye niliyemshawishi," Emmett alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe ulimwita," Bibi Wilma alisema. "Miguu ilikuwa yake." Kisha akamvuta Tressa, akambana kifuani kwa nguvu mpaka mwiko ukamuumiza mgongo, akawa anasema, "Mtoto wewe. Mtoto wewe. Ningemwambia nini mama yako?"

Siku hiyo mikate ya mahindi ilichelewa na hakuna aliyelalamika. Kabla ya kula, Bwana Dekker aliwasimamisha wote mbele ya ubao. Alisema kosa halikuwa la mtoto peke yake. Yeye aliona viatu vya Tressa vimejaa tope la ziwani, akaona haya kumshuku mtoto, akapita. Tangu siku hiyo swichi kuu ilitiwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule aliye chini. Lakini kibao hawakukiondoa.

Usiku Tressa hakulala vizuri. Kila barafu ilipolia alishtuka, akasikiliza kama babu anakoroma. Alikoroma. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote.

Asubuhi Babu Gerrit alivaa ovaroli. Bado ulibaki waya mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Tressa akamnyooshea kijisanduku.

Tressa alirudi nyuma. "Mpe mtu mwingine, Babu. Mimi naogopa."

"Jana hukuogopa, ndiyo maana uliondoka. Leo unaogopa, leo ndiyo unafaa." Alichuchumaa, nyuso zao zikawa sawa. "Sikia, mjukuu wangu. Kuondoka kwako lilikuwa kosa la mtoto, na kosa la mtoto lina dawa. Ungesema tu, 'Bwana Dekker, sijui, niliondoka,' angechungulia, ungegombezwa, tungekula mikate ya moto. Uongo ndio uliotaka kuniua. Ulikuwa wa neno moja tu, 'nimemwona,' lakini mtu alijenga juu yake, akapanda kilima kwa sababu yake. Usimpe mtu neno la kukanyaga kama hujui litambeba. Na hili usilisahau hata ukizeeka: ukweli uliokuja umechelewa, umelia, umepoteza kiatu, ndio ulionipa asubuhi hii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

Akageuza kibao chake chekundu, akalala kifudifudi, giza likamla.

Tressa alikaa juu ya jiwe, macho shimoni, mkono mfukoni umeshika kijisanduku. Baridi ikampanda. Baadaye kigari kikasimama nyuma yake.

"Tressa," Emmett alinong'ona, "fisimaji wamerudi. Leo wako wanne."

Hakugeuza hata shingo.

"Wasalimie," akasema.

Emmett alisita kidogo. Kisha akashuka, akazima kigari, akaja kukaa kwenye jiwe la pili.