Chupa ya Marehemu Nazari

Bibi Kunigunda wa kijiji cha Ukata alikuwa na kasha la mbao. Ndani yake alitunza vitu vya marehemu mume wake, Nazari. Kulikuwa na koti la kijivu, rozari, na chupa ndogo ya dawa.

Kila asubuhi, akishaanika kahawa, alifungua kasha na kukaa kidogo. Koti lilikuwa bado na harufu ya moshi na tumbaku. Alikumbuka walivyochimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, Nazari akiimba, yeye akiitikia. Alikumbuka pia mwaka wa mwisho. Mapafu yalimsumbua Nazari, na vidonge havikupita kooni. Daktari akampa dawa ile ya maji. Nazari akapumua vizuri tena kwa miezi kadhaa.

"Dawa hii ilinirudishia mume wangu," Kunigunda alizoea kusema.

Siku moja mjukuu wake, Edina, aliamka na kikohozi kikavu, kama mbwa anayebweka. Akivuta pumzi, koo lilikoroma. Edina alikuwa na miaka miwili tu. Mama yake, Hildegardi, alikuwa shambani akichuma kahawa. Kunigunda alisikia mkoromo ule, akamkumbuka Nazari. Akafungua kasha. Akamnywesha mtoto kijiko kimoja.

Hildegardi aliporudi saa nne, alimkuta mtoto amelegea mapajani mwa bibi yake.

"Edina! Edina!"

Mtoto alifumbua macho, akayafumba tena.

"Mama, umempa nini? Mbona ananuka pombe?"

"Pombe? Nimempa dawa ya baba yenu tu."

Hildegardi alichukua chupa, akambeba mtoto, wakapanda bodaboda wote hadi zahanati.

Muuguzi Walburga alipima damu ya kidole. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Akamwekea Edina dripu ya maji ya sukari, akakaa naye mpaka alipolia kwa nguvu. Ndipo akasoma chupa.

"Bibi, hii ni steroidi," alisema. "Si dawa mbaya. Inapunguza uvimbe kwenye njia ya hewa. Hata Edina anaihitaji leo. Lakini hii ni kali, ya mtu mzima, tena ina alkoholi nyingi."

"Mume wangu hakulewa hata siku moja."

"Alikuwa mtu mzima, na alipimiwa kidogo kidogo. Mwili wa mtoto mdogo hauiondoi alkoholi haraka. Inamlegeza, inashusha sukari, inaweza hata kumzuia kupumua. Halafu chupa hii ilifunguliwa miaka mitatu iliyopita."

Kunigunda alifuta machozi kwa khanga. "Nilitaka apone kama yeye."

"Najua, Bibi."

Walburga alimpima Edina uzito. Akampa steroidi ya watoto, isiyo na alkoholi, kwa bomba dogo lisilo na sindano. Alasiri mtoto alidai ndizi.

"Chupa hii tutaiharibu hapa," Walburga alisema.

Kunigunda aliishika kwa muda mrefu. Jina la Nazari lilikuwa limeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi kilichobandikwa. Walburga alikibandua taratibu, akampa. Kunigunda akaiacha chupa mezani.

Miezi minne baadaye, kifua kilimbana Edina tena. Safari hii Kunigunda alimpeleka kwa daktari, mjini Mbinga. Kwenye duka la dawa, muuzaji, Rukia, alisoma cheti cha daktari, akaweka chupa mezani. Kunigunda aliweka kidole chini ya herufi.

"Al-ko-ho-li," alisoma. "Binti, mjukuu wangu ana miaka miwili na nusu. Ipo isiyo na hii?"

Rukia aliitazama chupa. "Nisamehe, Bibi. Ipo."

Alileta nyingine, na bomba dogo lenye mistari. "Dozi yake inaishia mstari huu. Usitumie kijiko cha jikoni. Mpe siku zote alizoandika daktari, usiongeze wala usikatize."

"Na itakayobaki?"

"Irudishe hapa."

Wiki iliyofuata, dozi ikiwa imekwisha, Edina alikuwa akikimbiza kuku kati ya vichanja vya kahawa, akipiga kelele kuliko kuku wenyewe. Kunigunda alimwangalia, akacheka. Kisha akajifunga kitenge, akaichukua dawa iliyobaki, akaenda kusubiri gari la Mbinga.