Jekundu Lisiteremke Mlima

Yadi ya matrekta ilikuwa imefurika watu asubuhi ile ya Jumamosi. Wauzaji walikuwa wakishindana kwa sauti, injini zinangurumishwa kwa maringo tu, na moshi unawaingia wanunuzi machoni. Katikati ya vurumai hiyo, mwanamke mmoja mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi ikakubali, na kilemba cha njano kichwani, alikuwa amechuchumaa nyuma ya trekta kuukuu, anapapasa uvunguni kwa kidole.

"Dada, umeangusha hereni?"

"Nahesabu meno," akajibu bila kugeuka.

"Ya nani tena?"

"Ya shafti hii inayozungusha mashine. Nataka yenye meno sita. Hii ina ishirini na moja, haina kazi kwangu."

Ndipo alipogeuka. Alimwona mwanamume mrefu, mikono imeloa mafuta hadi viwikoni, anamtazama kama aliyeingiliwa ghafla na mgeni ndani ya chumba chake. Huyo alikuwa fundi wa yadi. Watu walimwita Spana kwa sababu spana haikutoka katika mfuko wake wa nyuma, hata siku za harusi za watu.

"Miaka tisa nipo hapa," akasema Spana, "na kila anayekuja huuliza kwanza kama redio inafanya kazi. Wewe umetokea wapi?"

"Kwenye taka," akajibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Hakuwa anatania. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama thelathini na wawili waokotao maboksi na chupa za plastiki, na jina la Mwenyekiti lilikwishameza jina lake la kuzaliwa. Halmashauri ilikuwa inawaazima mashine ya kufunga marobota, ile inayokandamiza taka kavu na kuzifunga kwa waya. Lakini mashine yenyewe haikuwa na injini. Ilitaka trekta la kuikokota na kuizungusha. Sharti lilikuwa moja: Alhamisi, siku kumi na mbili mbele, waitoe katika bohari ya halmashauri, waifikishe uwanjani kwao, wafunge marobota kumi mbele ya mkaguzi. Wakishindwa, mashine ingekwenda siku hiyo hiyo kwa wapinzani wao, Kikundi cha Ng'ambo, na uwanja wa akina mama hawa, ambao lundo lake lilikwishawachosha majirani, ungefungwa.

"Kwa hiyo nikichagua vibaya," akasema Mwenyekiti, "nimewafukuza kazi akina mama wote. Na wao ndio walionichagua mimi."

"Basi tuchague wote," akasema Spana. Alilisema haraka mno, akajifanya anafuta spana.

Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa. Saa sita mchana, wakati akina mama wanapumzika juu ya maboksi, simu ya Mwenyekiti ilikuwa ikilia, na wale wanawake wakianza kukohoa kwa makusudi.

"Mwenyekiti wangu, nimepata moja. Nguvu inatosha, ila breki za kuombea dua."

"Achana nalo. Umekula?"

"Nitakulaje na wewe hujanijibu swali la jana?"

"Swali gani?"

"Kama hiyo ovaroli unaipiga pasi kwa ajili ya taka au kwa ajili ya mafundi."

"Kata simu, Spana. Una kazi."

Spana hakukata, wala Mwenyekiti hakutaka akate.

Trekta walilipata, na halikutoka yadini. Mjomba wake Mwenyekiti, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa na trekta jekundu, jipya, linang'aa, alilolipenda kama mtoto wa mwisho. Aliposikia habari akaja mwenyewe. "Mwanangu unazunguka kwa watu, na langu lipo nyumbani limelala? Chukua. Na dereva ni mimi."

Jumapili, siku nne kabla ya ukaguzi, wakalipeleka bohari. Spana alihesabu meno: sita. Alisoma kibao cha injini, akaunganisha shafti, akamwomba mjomba awashe. Mashine ikaguna, ikazunguka, ikatema robota la maboksi lililobana vizuri juu ya sakafu ya saruji. Mjomba akapiga honi. Spana akamgeukia Mwenyekiti, akasema neno moja, "Linafaa," na bila kufikiri akamshika mkono. Mafuta yakahamia kwenye kiganja chake. Mwenyekiti hakuyafuta hadi alipofika nyumbani.

Jioni ile akawatangazia akina mama kwamba trekta la mjomba ndilo lililochaguliwa. Walipiga makofi, mjomba akasimama akainama kama mheshimiwa.

Jumanne mambo yakaharibika. Mwenyekiti alikuwa kibarazani kwa mjomba wake, wanapanga safari, simu ikalia.

"Usilitumie jekundu," akasema Spana. Alikuwa anahema.

"Umesemaje?"

"Barabara ya juu imefungwa, wanachimba mabomba. Nimepita sasa hivi. Mtalazimika kupita mlimani, na jekundu lisiteremke mlima na ile..."

"Spana, uliliangalia mwenyewe! Ulisema linafaa. Nimekwishawatangazia watu!"

"Najua. Nisikilize, nilipo..."

Mjomba alikuwa amesikia. Alinyoosha mkono, akaichukua simu. "Kijana, trekta langu Jumapili zima, Jumanne bovu? Nani amekulipa?" Akakata.

Usiku ule Mwenyekiti alimpigia Spana mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa. Jumatano asubuhi akapiga tena, imezimwa. Alasiri mjomba akarudi kutoka mjini, akatupa kofia mezani.

"Nimemwona mchumba wako."

"Si mchumba wangu."

"Vizuri, maana yuko kwa Kikundi cha Ng'ambo. Kalala chini ya trekta lao la kijani, analifunga maboliti. Na yule mwenyekiti wao kamshikia kikombe cha chai, anacheka naye."

Mwenyekiti aliingia ndani akafunga mlango. Alilia kwa hasira, na hasira kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe. Mtu amekujia kwa maneno matamu, ukamwonyesha kila kitu, siku ya mkaguzi, njia, hata uzito wa mashine, kumbe anazipeleka habari hizo kwa wapinzani wako. Alijiona mjinga, na bado alimtaka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alhamisi saa mbili asubuhi, jekundu lilitoka bohari likikokota mashine. Mjomba alikuwa kwenye usukani, kavaa koti la suti. Mwenyekiti alisimama kwenye kikanyagio cha pembeni ya trekta, kashika nguzo, ovaroli imenyooka kama kawaida ila macho yamevimba. Kwenye tambarare walikwenda vizuri. Mkaguzi alikuwa anawasubiri uwanjani saa nne, akina mama wamejipanga, maboksi ya kufungwa yametengwa.

Walipokaribia ukingo wa mlima, mahali barabara inapoinama kuelekea sokoni, mtu alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono ameitanua.

"Toka!" mjomba akapiga kelele, akabonyeza honi.

Spana hakutoka. Alikuwa mchafu kupita siku zote, na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mjomba, simamisha!" akalia Mwenyekiti.

Mjomba akakanyaga breki. Magurudumu ya trekta yakakaza, yakaacha kuzunguka, lakini trekta halikusimama. Mashine ililisukuma kutoka nyuma juu ya changarawe, polepole, hatua moja, mbili, tatu, kichwa cha jekundu kikianza kugeuka pembeni. Spana alibaki pale pale. Likakwama kwa kiasi cha mkono mmoja kutoka kifuani mwake, na hapo ulikuwa mwanzo tu wa mteremko. Chini, sokoni, watu walikuwa wanapanga nyanya.

Mwenyekiti aliruka, akasukumia mawe chini ya magurudumu ya mashine. Kisha akamfuata Spana akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili.

"Una wazimu? Lingekuua!"

"Lingewaua ninyi."

"Kwa nini ulizima simu? Kwa nini ulikuwa kwao?"

Spana akatazama chini. "Nilikosea mimi, Mwenyekiti. Mashine ina tani nne, na haina breki zake yenyewe. Jekundu halifiki hata tatu. Kuvuta linaweza, kuzungusha linaweza. Kuzuia haliwezi. Nililipima kwenye saruji, nikasema linafaa, kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe badala ya kufikiria njia. Halafu mjomba wako akaniuliza nani amenilipa. Nikaona aibu. Ningekwambia nini? Kwamba nimekuingiza mtegoni mbele ya mtu aliyekulea?"

"Ungeniambia hivyo hivyo!"

"Najua sasa. Jana niliona afadhali nije na trekta kuliko nije na maneno."

Akanyoosha kidole. Kando ya barabara, chini ya ukuta wa karakana, lilikuwepo trekta la kijani, zee, pana, limechubuka rangi. "Tani tano. Meno sita. Lilikuwa limekufa gia, nimelala chini yake usiku kucha. Ng'ambo wamekubali kutuazima." Akasita. "Ila nimewaahidi watumie mashine siku mbili kwa wiki."

"Umefanya nini?" Sauti ya Mwenyekiti ilishuka, na ikiwa imeshuka ilitisha zaidi. "Umegawa mashine ya akina mama thelathini na wawili bila kuniuliza?"

"Akina mama wangeikosa kabisa."

"Hilo si lako kuamua. Nipe namba ya mwenyekiti wao."

Alimpigia mwenyekiti wa Ng'ambo pale pale, kidole kimoja sikioni kuziba kelele. "Shikamoo, dada yangu. Ndiyo, ni mimi. Alichokuahidi fundi hakina kibali changu... Sikiliza basi. Siku moja kwa wiki, dereva wenu, waya wenu, na mkileta chupa zilizolowa nazirudisha... Hapana, moja. Ukikataa, mashine inarudi bohari, na mkaguzi akikupa wewe, na wewe utapita mlima huu huu, bila fundi." Akasikiliza. "Asante. Mungu akubariki."

Akakata. Sasa lilibaki jambo gumu zaidi. Mjomba alikuwa bado kwenye kiti cha jekundu, mikono kwenye usukani, anatazama mteremko. Mwenyekiti alimwendea taratibu. Kumwambia mtu aliyekulisha na kukusomesha kwamba kitu chake cha fahari hakifai, na watu wanatazama, si mchezo.

"Mjomba," akaanza.

"Limenisukuma," akasema mjomba, kama anajisemea. "Nimekanyaga breki hadi mwisho, mwanangu, na limenisukuma." Akazima injini. Akavua koti la suti, akalikunja, akateremka. "Leteni hilo zee. Tunachelewa."

Robo saa nzima walihangaika na pini na minyororo. Spana alipima shafti trekta likiwa limenyooka, kisha akaligeuza kushoto na kulia akapima tena, na safari hii Mwenyekiti alipima naye. Mjomba akashika usukani wa kijani. Wakaingia mlimani kwa gia ya kwanza, injini ikikoroma, wao wawili wakitembea kila mmoja upande wake wa mashine, mawe mikononi. Mara moja, kwenye kona ya soko, mashine ilijaribu kusukuma. Kijani halikutikisika. Mwenyekiti alimtazama Spana juu ya mabomba ya mashine, naye alikuwa anamtazama, kila mmoja jiwe lake tayari mkononi.

Walifika saa nne na dakika ishirini. Mkaguzi alikuwa amekwishafunga faili. Akalifungua tena baada ya robota la kwanza, na baada ya lile la kumi akatia sahihi juu ya boneti yenye joto. Akina mama walipiga vigelegele hadi majirani waliochoshwa na lundo wakachungulia madirishani.

Katika kelele zile, Spana alimvuta Mwenyekiti nyuma ya marobota.

"Nimekosa mara mbili," akasema. "Kuchagua, na kukuficha. Sitaki kukuficha tena chochote. Kwa hiyo nasema lililobaki. Nataka kukuoa."

"Unanuka mafuta, hujalala, na nimekukasirikia bado."

"Najua."

"Siku nyingine, hata nikikukasirikia, utakuja uniambie kosa lako usoni?"

"Nitakuja."

Mwenyekiti akamfuta tope shavuni kwa ncha ya kilemba chake cha njano, mbele ya wanawake wote, ambao sasa hawakukohoa hata mmoja.

"Mimi nakutaka," akasema. "Lakini aliyenilea yupo pale. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mjomba alikuwa ameketi peke yake juu ya robota, koti limekunjwa magotini, anatazama kilele cha mlima ambako trekta lake lilibaki limeegeshwa. Fundi alitembea hadi mbele yake, akasimama, akasema alichokuja kusema kwa sauti ambayo kila mtu uwanjani aliisikia.

Mjomba alimpima kuanzia viatu hadi kichwani.

"Asubuhi ulisimama mbele ya trekta langu hukukimbia," akasema mwishowe. "Nikikuambia toka mbele yangu sasa, utatoka?"

"Sitoki, mjomba."

Mzee akasogea, akampisha nafasi juu ya robota. "Basi keti. Useme kwenu ni wapi."