Dakika Kumi na Tano Kutoka Kitale

"Kutoka kiwanja cha ndege cha Kitale mpaka kile cha Bungoma, ndege inachukua dakika ngapi?"

Senge Roselyne, shangazi yake Nakhungu, aliuliza hivyo Krismasi ya 2006, alipotoka kwake Kitale kumtembelea kaka yake Mukhisa kule Kabuchai, Bungoma. Watu wote sebuleni walimsikia. Walicheka tu.

"Senge, ati ndege? Na hizo ndala?" binamu Wamalwa akamtania. "Rubani si atakuambia uziache mlangoni, bana!"

"Mukhisa anaumwa," Senge akasema polepole. "Nataka kujua nitafika saa ngapi akiniita."

Nakhungu, bintiye Mukhisa, alilijua jibu. Alikuwa bingwa wa mijadala chuoni, mwenye takwimu za kila kitu. Kilomita sitini hivi angani. Ndege ndogo, dakika kumi na tano. Lakini naye alicheka. Shangazi huyu wa kunuka moshi na kulia kwa sauti alimtia haya.

Mzee Mukhisa alipofariki mwezi wa tatu, Nakhungu ndiye aliyepewa kazi ya kuwapigia watu simu. Aliwapigia wote. Akaliruka jina la Senge tu. Wenzake wa chuo walikuwa wanakuja mazishini; angewaambia nini Senge akianza kujigaragaza chini? Ule ulimi uliowatetea wanyonge jukwaani, siku hiyo ulikuwa wapi?

Siku ya mazishi, saa nane kamili mchana, jeneza likisubiri kushushwa, moyo ulimsuta. Akajitenga nyuma ya miwa, akapiga.

"Senge, Baba ametuacha. Tunamzika."

Senge akanong'ona: "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Nakhungu, ndege ni dakika ngapi?"

Safari hii alijibu. "Kumi na tano, Senge."

Akabonyeza kitufe chekundu, akaitia simu mfukoni.

Pasta akaomba. Jua lilikuwa kali, hata jani la muwa halikutikisika. Lakini mfukoni mwa Nakhungu upepo ulikuwa unavuma.

Aliusikia. Mdogo kwanza. Kisha mkubwa.

Ndugu wa marehemu wakaitwa kutupa udongo, mmoja mmoja. Upepo ukakatika ghafla. Watu wakapisha.

Senge alikuwa ukingoni mwa kaburi. Hakulia. Ndala zilezile. Hazikuwa na vumbi.

Akafungua fundo la leso, akatoa udongo wa shamba lake, akautupa juu ya jeneza. Haukutoa sauti. Akamtazama Nakhungu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma.

"Nimefika," akanong'ona.

Nakhungu akainamisha uso kwa aibu. Alipouinua, mahali pale palikuwa patupu.

"Umemwona?" Wamalwa akamnong'oneza.

Simu ikalia. Ni Wangu, jirani wa Senge kule Kitale.

"Pole, mama. Roselyne ameanguka saa nane, simu ikiwa sikioni. Ametuacha. Tumemfunika hapa kitandani."

"Yuko hapo tangu saa nane?"

"Sijatoka kando yake."

Nakhungu akaitazama simu. Yale mazungumzo yao, aliyoyakata kabla ya dakika moja kuisha, yalikuwa yameandikwa: dakika kumi na tano, sekunde sifuri.

Hoja hii Nakhungu hajawahi kuisimamia jukwaani. Anachokuomba ni kidogo tu. Kama kuna ndugu uliyemficha msiba kwa sababu anakuaibisha, mpigie leo. Halafu mngoje afike.