Nusu Mita Iliyoibwa

Mlango wa chuma ulijibamiza nyuma yake. Kufuli la umeme likalia.

Tjitske Wiarda aligeuka, akausukuma kwa bega. Wapi. Akachomoa bastola yake ya Walther kwapani, akakifyatulia kitasa risasi mbili. Chuma kiliparuzika tu.

Alikuwa amefungiwa katika chumba cha kompyuta cha kituo cha utafiti wa bahari, pwani ya Zeeland. Aliyemfungia ni Ruben Kalsbeek, mhandisi aliyeunda programu nyingi za kituo hicho. Idara ya ujasusi, iliyomtuma Tjitske, ilijua kwamba kuna watu wa nchi ya nje waliomnunua. Alichowauzia, haikukijua bado.

Spika ya darini ilikoroma kwa sauti ya Kalsbeek.

"Kaa utulie, dada. Hewa inayoingia humo ni ya kuzimia moto. Haina sumu. Inafukuza hewa ya kupumua tu, kisha unalala."

Mabomba yakaanza kufoka.

Tjitske alirukia simu ya ukutani. Van Aalst, mkuu wake kule Den Haag, akapokea.

"Nimefungiwa. Bahari ikoje?"

"Dhoruba imefika. Ila utabiri unasema maji hayatapita mita tatu. Lango la bahari linabaki wazi."

"Utabiri wa nani?"

"Wa kompyuta zilizo mbele yako."

Nyuma ya lango lile la kuzuia mafuriko kulikuwa na miji, na watu walikuwa wanakunywa chai ya alasiri.

"Nitumie watu."

"Miti imeanguka barabarani. Jitegemee."

Kabla ya ujasusi alikuwa amefanya kazi chuo kikuu, akijenga mifumo ya namna hii. Vipimo hutoka kwenye maboya ya baharini, vikapita mikononi mwa programu moja baada ya nyingine: hii inavisafisha, ile inavichanganya na upepo, nyingine inakokotoa, ya mwisho inaliamuru lango. Kila programu huacha alama yake juu ya matokeo, ili mtafiti ajue namba imetoka wapi.

Alikaa kwenye kibodi, akalinganisha alama hizo na za nakala halali zilizohifadhiwa kwenye ghala la kompyuta.

Moja haikulingana. Programu ya kusafisha ilikuwa imebadilishwa. Ilipunguza nusu mita kwenye kila kipimo, kana kwamba maboya yote yameharibika.

Alirudisha ya zamani, akauwasha mfumo upya. Ukazimwa. Akauwasha tena. Ukazimwa tena.

"Utachoka," spika ilisema. "Mimi niko ofisini, kahawa yangu mkononi."

Kifua kilipanda na kushuka bila kupata kitu, na kuta zikawa kama zinamsogelea. Alitamani kupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia.

Alitambaa nyuma ya mitambo. Nyaya mbili. Moja ilikwenda langoni, nyingine maofisini.

Aling'oa ya maofisini.

Sasa kibodi ya kuuzima mfumo ilibaki moja tu, humu ndani. Aliuwasha, akajilaza sakafuni, akafumba macho.

Mlango ulifunguka. Kalsbeek aliingia mbio, kinyago cha hewa usoni, akamruka aende kwenye kibodi.

Tjitske alimdaka mguu.

Kalsbeek alianguka kifudifudi. Kinyago kikahamia uso mwingine, na pingu zikamfunga kwenye nguzo karibu na mlango ulio wazi. Kisha Tjitske akafunga bomba la hewa ile.

"Miaka yote hiyo wanasayansi wanapata tuzo kwa programu zangu," Kalsbeek alisema, akikohoa. "Hakuna aliyewahi kuuliza jina langu."

"Leo Den Haag nzima inaliuliza."

Simu ililia. Van Aalst alikuwa anahema kama yeye ndiye aliyekosa pumzi.

"Utabiri umebadilika. Mita tatu na ushei. Lango linafungwa."

"Vizuri. Kuna mzigo wenu hapa. Mleteeni koti, chumba kina baridi."

Alikata simu, akarudisha Walther kwapani, akatoka kuingia mvuani bila kugeuka nyuma.