Mizani Sokoni

Ruqaiya hukaanga sambusa na muhogo katika soko dogo kando ya barabara ya kutoka Koboko kwenda Oraba. Ni mwanamke mnene, na wateja wake wengi ni madereva wa malori. Mumewe, Nasuru, ni fundi cherehani ng'ambo ya barabara.

Asubuhi moja afisa wa afya aitwaye Kasimiro alikuja na mizani. Alisema watu wengi wanaugua kisukari na presha kwa sababu ya unene, na serikali inataka kuuzuia. Kwa hiyo kila anayeuza chakula atapimwa uzito. Aliye mnene ataondoka sokoni mpaka apungue.

Wanawake walipanda mizani mbele ya madereva. Kasimiro aliusoma uzito wa Ruqaiya kwa sauti, na dereva mmoja akacheka. Kisha Kasimiro akamwambia Ruqaiya azime jiko. Meza yake angepewa Jada, muuza chai, kwa kuwa Jada ni mwembamba.

Ruqaiya alimtazama Jada, akaingiwa na shaka. Nani alimwita huyu afisa? Mbona anajua jina la Jada? Jioni Jada alikuja nyumbani kwake, lakini Ruqaiya alimfungia mlango kabla hajaeleza lililomleta.

Nasuru naye alishuku. "Hii si mambo ya afya," alisema. "Iko mutu anataka meza yako."

Alimshauri aende Arua. Huko kuna ofisi ya mawakili wanaosaidia watu bila malipo. Ruqaiya akaenda, akapokewa na wakili kijana, Patience Mindra. Ruqaiya alimshuku hata wakili huyo. Kabla ya kueleza shida yake, alimuuliza nani anamlipa mshahara. Patience hakukasirika. Alijibu kwamba analipwa na shirika lake, si na afisa yeyote.

Ndipo Ruqaiya akasimulia yote. Mwishoni akauliza, "Serikali iko na nguvu ya kunifukuza kwa sababu ya mwili yangu?"

"Mama, serikali ina wajibu wa kulinda afya za watu," Patience alisema. "Inaweza kufundisha. Inaweza kukagua jiko lako. Lakini Katiba iko juu ya kila afisa. Inalinda heshima yako, siri zako na kazi yako halali. Haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kukusomea uzito mbele ya madereva kunamponya nani? Na kabla ya kukuondoa, ilikuwa lazima usikilizwe."

"Basi hata mafuta yangu hawawezi kugusa."

"Mafuta wanaweza kuyakagua. Yanaingia tumboni mwa watu wengine. Mwili wako ni wako."

Patience alikuja sokoni, akaomba mkutano na Kasimiro pamoja na mkubwa wake. Aliomba aonyeshwe sheria. Haikuwepo. Kasimiro alikiri kwamba ile amri aliitunga mwenyewe. Alisema mama yake alikufa kwa kisukari, naye aliona kufundisha kunachelewa.

Hapo Jada akasimama. "Mimi nilikataa hiyo meza," alimwambia Ruqaiya. "Nilikuja kwako jioni kusema hivyo. Wewe ulinifungia mlango."

Ruqaiya alimwomba msamaha mbele ya wote. Amri ikafutwa siku hiyo, naye akarudi kwenye jiko lake. Kasimiro aliendelea kukagua vyakula. Alipowaambia wauzaji wamwage mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, Ruqaiya aliyamwaga bila ubishi.

Baadaye wahudumu wa afya walipiga hema lenye pazia karibu na soko. Aliyetaka kupimwa aliingia, asiyetaka alipita zake. Ruqaiya alilipita mara nyingi. Mwisho alisimama mlangoni, akamuuliza muuguzi nani ataona majibu yake.

"Wewe na mimi," muuguzi alijibu.

Akaingia. Presha yake ilikuwa juu sana, naye hakuwa amejua. Alipewa dawa. Alianza kupunguza chumvi, na kutembea kwenda nyumbani badala ya kupanda bodaboda. Baada ya muda presha ikashuka.

Lakini siku ile ile ya kupimwa, Ruqaiya alipotoka hemani, Nasuru alimuuliza mkewe ameambiwa nini na muuguzi.

"Hiyo iko siri yangu," Ruqaiya alisema.

Nasuru aliitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Ruqaiya akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akamwambia yote mwenyewe.