Piki ya Mzee Mbaluka

Rafiki yangu Kavindu, mama yake Mwende, hupiga gita kanisani Mukuyuni. Mwalimu wake, mzee Mbaluka, aliomba azikwe na piki yake, kile kipande cha kuchezea nyuzi za gita, ya pembe ya ng'ombe, iliyolika kona ya kushoto kwa sababu alipigia mkono wa kushoto; Kavindu hupigia wa kulia. Watu wakiuaga mwili, Kavindu aliichomoa mfukoni mwa marehemu.

"Mama Mwende, siku hizi gita lako linalia kama la Mbaluka," pasta alimsifu.

"Ni mazoezi tu, pasta."

Uongo huo ulimnyima usingizi. Akaenda akaifukia ile piki kaburini kwa mzee, akanunua mpya ya plastiki mjini Emali. Jumapili, wimbo ukiwa katikati, mvua ilinguruma kwenye mabati na stima ikapotea. Akaendelea kupiga gizani. Taa zilipowaka, piki mpya ilikuwa imelika kona ya kushoto.