Mtaa wa Vigingi

Bomba refu la plastiki lilimgonga Caren kisogoni mlangoni kwa wakala wa mizigo, Deira, Dubai, na mashuka aliyokuwa akimtumia mamake yakamwagika chini.

"Wewe kaka, umebeba bunduki ama mfereji?"

"Ramani, dada. Pole sana. Naitwa Shem. Tunachora mtaa mpya kule jangwani: nyumba, maduka, shule, vyote pamoja."

Shati lake jeupe lilipigwa pasi hata nzi angeteleza. Caren, mpokeaji wageni wa hoteli ya jirani, alicheka, akampa namba, kisha akajilaumu njia nzima. Kwao Kitengela, babake aliuziwa ploti ambayo tayari ilikuwa na wenyewe wanne. Tangu hapo, mwanamume akinyooshea ardhi tupu kidole, Caren hubana mkoba.

Simu nazo zilikuwa tamu.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Na wewe leo umetapeli nani?"

Ijumaa moja alivaa gauni la manjano, teksi ikawapeleka nje ya mji. Mchanga, upepo, na vigingi vyenye utepe mwekundu. Shem alikimbia huku na huku kama mwanambuzi.

"Hapa mkate wa moto, mpenzi! Hapa zahanati. Pale shule, watoto wataenda kwa miguu."

Maneno yale yale! Hata aliyemwibia babake alianza na shule.

"Na amana ya ploti unaitaka lini?"

"Amana gani?"

"Usinichezee, Shem!"

Akarudi kwenye teksi. Khalas, yameisha. Namba ya Shem akaifungia, na ukimya ukamwasha kama upupu.

Siku moja Shem akatokea hotelini, kapanga foleni na wageni.

"Madam, nina malalamiko. Nimefungiwa simu."

Caren akamtegea mtego. "Kwenye ule mtaa, nyumba yetu iko wapi?"

Tapeli hakosi ploti ya kukuuzia, tena karibu na lami. Shem akainamisha kichwa.

"Haipo."

"Eti?"

"Bei zake, hata tukiuza figo zetu zote nne hatufiki. Mimi nachora tu, nalala Satwa chumba cha watu sita. Nilitaka uione kazi yangu, basi."

Caren alimkagua macho. Tapeli gani husema haipo?

"Yalla, harakisha bwana!" mgeni wa nyuma akafoka.

"Subiri kidogo, sir, huyu hajamaliza." Akamgeukia Shem. "Umekuja kulalamika ama kuposa?"

"Kuposa... inshallah."

"Basi posa vizuri. Foleni inangoja."